Thalamasi si Tarishi Tu

Katika vitabu vingi vifundishavyo habari za mwili wa mwanadamu mna mchoro mmoja wa ubongo, ambao mwanafunzi baada ya mwanafunzi huunakili daftarini mwake. Juu kabisa huandikwa gamba la ubongo, kama mfalme aliyeketi kitini pake. Chini yake huandikwa striatamu, kama waziri apokeaye amri. Kisha hutoka mishale ipitayo vituo viwili vitatu, ikafika thalamasi. Na kutoka thalamasi hutoka mshale mmoja tu, nao hurudi juu kwa mfalme. Ukimwuliza mwanafunzi, "Thalamasi ni nini?" atajibu upesi, "Ni tarishi. Hupokea habari za macho na masikio na ngozi, na kuzipeleka kwenye gamba." Mwalimu humpa alama zake, na maneno hukoma hapo.

Nasema ya kwamba mchoro ule ni pungufu, na jibu lile ni nusu ya kweli. Na nusu ya kweli ikizoewa siku nyingi hushika mahali pa kweli yote. Maana iko njia nyingine, yenye nyuzi nyingi sana, itokayo thalamasi ikaenda moja kwa moja hadi striatamu, pasipo kupitia gamba wala kuliomba ruhusa. Njia hii haikuvumbuliwa jana. Dalili zake ziliandikwa mwaka 1941, kisha ikathibitishwa katika sungura, na kima, na paka, na panya, kwa njia za namna nyingi na mikono ya watu wa nchi mbalimbali. Na bado michoro mingi yaiacha. Hilo ndilo shauri langu na wale wachorao na wale wanakilio. Nami nitaleza kwanza njia hiyo ilivyofuatwa, kisha niwajibu wasemao kwamba ni neno dogo.

Tuanze na vitu vyenyewe. Thalamasi ni mafungu mawili ya chembe za ubongo, moja kuume na moja kushoto, yaliyo ndani kabisa, katikati ya kichwa; kwa mtu mzima kila moja lapata kama sentimeta 3 kwa urefu. Tena si kitu kimoja, bali ni kama mji wenye mitaa mingi, na kila mtaa huitwa kiini. Viko viini vya kuona, na vya kusikia, na vya kugusa. Hivyo kweli hupeleka habari kwenye gamba, na katika hilo vitabu havikukosa. Lakini ndani ya thalamasi mna utando mweupe wa nyuzi uigawanyao, na katika utando ule vimejificha viini vingine. Kimojawapo Mfaransa Jules Luys alikieleza mwaka 1865, akakiita kiini cha katikati. Na jirani yake huitwa parafasikulari. Majina haya mawili msomaji na ayashike, maana habari yote yayazunguka.

Striatamu nayo ni fungu kubwa la chembe lililo mbele na kando ya thalamasi. Kwa mtu na kima limegawanyika sehemu mbili, kaudati na putameni. Kazi yake ni katika kuchagua mwendo: mkono uinuke au utulie, hatua ianze au ikome, desturi ipi ifuatwe na ipi iachwe. Katika panya, kama 95 katika kila chembe 100 za striatamu ni za namna moja, zenye matawi yaliyojaa miiba midogo kama mchongoma. Miongoni mwake zimo nyingine chache, kubwa, zitoazo dawa ya ubongo iitwayo asetilikolini. Hizi ni kama wazee wa baraza: hesabu yao ni ndogo, lakini wakinena, au wakinyamaza, baraza zima hubadilika.

Wengi wetu huijua kazi ya striatamu kwa kuona maradhi yake. Mwaka 1817 James Parkinson, tabibu wa London, aliandika juu ya ugonjwa wa kutetemeka ambao leo waitwa kwa jina lake. Mgonjwa hutetemeka mkono akiwa ametulia, mwili hukakamaa, na miguu hukwama kana kwamba imegandishwa ardhini. Chanzo kikubwa ni kufa kwa chembe zipelekazo dopamini katika striatamu. Wako wazee vijijini ambao wakitetemeka hivyo husemwa kwamba wamerogwa, au kwamba ni walevi wa siri. Basi mtu asidhani ya kwamba habari za nyuzi ziingiazo striatamu ni mchezo wa wenye vyeo. Ni habari za mikono ya wazazi wetu.

Je, nyuzi hizo zilifuatwaje? Hapo ndipo palipo na ajabu, na hapo ndipo wachoraji wa vitabu hupita upesi mno. Uzi wa chembe ya ubongo ni mwembamba kuliko unywele mara nyingi, nao umesongamana na maelfu ya wenziwe, ukipinda huku na huku. Huwezi kuushika ukaufuata kwa kidole, kama mtu afuataye shina la mboga lililotambaa katikati ya magugu. Mwaka 1873 Camillo Golgi wa Italia alipata namna ya kutia fedha katika vipande vya ubongo, chembe chache zikageuka nyeusi na matawi yake yote yakaonekana. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania akaitumia namna hiyo kwa subira isiyo na mfano, na mwaka 1906 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Lakini uzi mrefu hutoka katika kipande kimoja ukaingia katika kingine, ukapotea. Fedha ile ilionyesha nyumba. Haikuonyesha vema barabara ndefu.

Kwa hiyo watu wakatafuta hila nyingine. Mkulima akitaka kujua tawi lipi la mti utambaao latoka katika shina lipi, hukata mahali, kisha hungoja aone kipi kitakachonyauka. Ndivyo walivyofanya. Chembe nyingi za ubongo, uzi wake ukiharibiwa mwishoni, hukonda au hufa zenyewe. Mwaka 1941 Cécile Vogt na mumewe Oskar waliandika ya kwamba katika bongo za watu ambao striatamu yao iliharibika, chembe za kiini cha katikati zilikuwa zimekonda. Basi ikawa dalili ya kwanza: kiini kile kilikuwa kimetuma nyuzi zake huko.

Tena yafaa tukumbuke ya kwamba wakati huo ilikwisha onekana katika kima kwamba gamba la ubongo likiondolewa, viini vingi vya thalamasi hunyauka, lakini kiini cha katikati hubaki. Ikiwa kiini hicho ni tarishi wa gamba, mbona hakunyauka gamba lilipoondoka? Walikuwako waliokaa na swali hilo, na walikuwako waliolipita. Thomas Powell na Maxwell Cowan, mzaliwa wa Johannesburg, walikaa nalo. Kule Oxford walichunguza sungura, wakatoa habari mwaka 1955. Kisha kima, wakatoa habari mwaka 1956. Wakasema waziwazi kwamba viini hivi vimefungamana na striatamu.

Lakini wako waliopinga, na kwa haki ya elimu nawasifu, maana upinzani wao ulikuwa na hoja. Walisema: striatamu si shamba tupu, bali mna nyuzi nyingi zipitazo ndani yake ziendazo kwingine. Ukiiharibu, umekata nyuzi za wenyeji na za wapita njia pamoja. Utajuaje ni zipi zilizouawa? Hoja hiyo ilikuwa nzito, nayo ilidai njia isiyokata kitu.

Njia hiyo ikapatikana, tena katika vitu ambavyo mkulima hawezi kuvicheka. Cha kwanza ni mzizi. Uko mzizi mkali ulao watu wa Ulaya pamoja na nyama, na ndani yake mna kimeng'enya kimoja. Mapema katika miaka ya 1970 ilionekana ya kwamba ukikidunga kidogo mahali fulani ubongoni, ncha za nyuzi zilizopo hukinywa na kukirudisha nyuma hadi kwenye chembe yenyewe. Ukitia dawa ya kukitia rangi, chembe hujionyesha, kana kwamba barua imemrudia aliyeiandika. Mwaka 1974 Edward Jones na Leavitt walitumia kimeng'enya hicho katika panya, na paka, na kima. Chembe za viini vya utandoni zikajaa rangi iliyodungwa striatamu. Hapakukatwa uzi, wala hapakuharibiwa fungu zima. Na jibu likawa lile lile.

Cha pili ni haragwe. Wapishi wetu wajua ya kwamba maharagwe mekundu yasiyoiva humwumiza mtu tumbo. Sababu moja ni protini fulani iliyomo. Mwaka 1984 Gerfen na Sawchenko walionyesha ya kwamba protini hiyo ikidungwa penye chembe za ubongo, chembe huinywa na kuipeleka mbele, mpaka ncha za mwisho za uzi. Mzizi hutuambia uzi umetoka wapi. Haragwe hutuambia umefika wapi. Mwaka 1990 Berendse na Groenewegen, kule Amsterdam, waliufuata kwa haragwe mtaa mmoja mmoja wa thalamasi ya panya, wakaona kila mtaa una shamba lake katika striatamu. Mwaka huo huo Sadikot, Parent na François walionyesha katika kima wadogo wa Amerika ya Kusini ya kwamba kiini cha katikati hupeleka nyuzi zake katika sehemu ya striatamu ihusuyo mwendo wa viungo, na parafasikulari hupeleka zake katika sehemu zihusuzo fikira na moyo. Si matone yaliyorashwa ovyo. Ni mifereji iliyochimbwa, kila mmoja na bustani yake.

Cha tatu ni kitu tukiogopacho sote, nacho ni virusi vya kichaa cha mbwa. Mbwa mwenye kichaa akimwuma mtu mguuni, ugonjwa hauji siku ile. Virusi huingia katika mishipa ya fahamu ya mahali palipoumwa, hupanda kwa kinyumenyume, toka chembe ipokeayo habari hadi chembe iitumayo, mpaka vifike ubongoni. Ndiyo sababu jeraha lioshwe mara moja kwa maji na sabuni, na mtu akimbilie chanjo kabla virusi havijafika. Basi wenye elimu wakasema: mwizi huyu aijua njia kuliko sisi, na tumfunge kamba, tumfuate. Mwaka 2007 Wickersham na wenzake walitangaza virusi walivyoviondolea uwezo wa kutengeneza protini ya juu, ile iviwezeshayo kuruka kutoka chembe hata chembe. Protini hiyo waliwapa wao wenyewe katika chembe walizozichagua tu. Kwa hiyo virusi huruka hatua moja, vikakwama. Tena vimebebeshwa protini ing'aayo, ambayo asili yake ni konyeza wa baharini, hata kila chembe iliyoingiwa huwaka chini ya darubini. Mwaka 2013 Wall na wenzake walivitia katika striatamu ya panya wadogo, wakichagua chembe zenye miiba za kila namna. Katika thalamasi zikawaka chembe nyingi.

Sasa msomaji na ahesabu mwenyewe mashahidi. Kunyauka kumesema. Mzizi umesema. Haragwe limesema. Virusi vimesema. Kila shahidi ana kasoro yake: kunyauka huchanganya wapita njia na wenyeji, virusi havizishiki chembe zote, hata hesabu yake haiwezi kuwa sensa kamili. Lakini kasoro zao si za namna moja, na ushuhuda wao ni mmoja. Barazani, mashahidi wanne wasiofahamiana wakisema neno moja, mzee mwenye busara hafungi masikio.

Huenda mtu akasema, "Vema, njia iko. Lakini labda ni kijia tu cha mbuzi kando ya barabara kuu ya gamba." Hasha. Nyuzi za gamba na nyuzi za thalamasi zaweza kupambanuliwa, kwa kuwa ncha zake hutumia protini mbalimbali za kupakia ile dawa ya kusemeshana. Walipohesabu kwa kipimo hicho, waliona ncha za thalamasi katika striatamu si chache hata kidogo. Ni umati ustahilio kutajwa pamoja na umati wa gamba. Tena namna ya kugusa yatofautiana: nyuzi nyingi za gamba hugusa miiba ya matawi, na nyingi za parafasikulari hugusa matawi yenyewe. Na wale wazee wa baraza, chembe za asetilikolini, huisikia sana thalamasi.

Na kazi yake je? Mwaka 2001 Matsumoto, Minamimoto, Graybiel na Kimura waliandika juu ya kima. Chembe za kiini cha katikati na parafasikulari zilishtuka kwa sauti na nuru za ghafula zilizomhusu mnyama. Na viini hivyo vilipolazwa kwa dawa kwa muda, wazee wale wa striatamu hawakuitika tena kama desturi yao. Mwaka 2010 Ding na wenzake, wakitumia vipande vya ubongo wa panya, waliona ya kwamba nyuzi za thalamasi zikiamshwa, chembe za asetilikolini hupaza sauti kisha hunyamaza. Na katika nafasi hiyo fupi neno la gamba hupungua nguvu. Fikiri mtu atembeaye njiani huku mawazo yake yako shambani. Majani yakachakacha, naye akasimama kabla hajajua kwa nini amesimama. Waandishi wale walidhani njia hii yaweza kuwa sehemu ya kusimama kule. Je, huyo ni tarishi? Tarishi huchukua barua ya mwingine. Huyu amwambia waziri, "Ngoja," wakati mfalme angali akinena.

Liko neno jingine, nalo lawahusu walimu kuliko wote. Mwaka 2013 Bradfield na wenzake, akiwamo Balleine, waliwafundisha panya ya kwamba tendo hili huleta chakula hiki, na tendo lile huleta chakula kile. Panya walioharibiwa njia itokayo parafasikulari kwenda striatamu walijifunza sawasawa na wenzao. Kisha mambo yakageuzwa: tendo la kwanza likaleta chakula cha pili, na la pili likaleta cha kwanza. Hapo ndipo tofauti ilipoonekana. Panya wazima walijifunza lile jipya pasipo kulichanganya na la zamani. Wale wengine wakachanganyikiwa, la zamani na jipya yakavurugana. Yaani njia hii, kwa kadiri tuonavyo katika panya, si ya kujifunza mara ya kwanza tu, bali ni ya kujifunza tena mambo yanapobadilika. Nawaomba walimu walitafakari neno hilo, kisha watazame mchoro ambao njia hiyo haimo, nao wenyewe hawajaubadilisha.

Sasa nageukia wapinzani wangu, nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza asema, "Mchoro ni wa watoto, lazima uwe mwepesi." Nakubali ya kwamba uwe mwepesi. Lakini wepesi ni kuacha lililo dogo, si kuacha lililo kubwa. Mtu achoraye ramani ya kijiji aweza kuacha vichaka; akiacha mto, wageni watazama. Mshale mmoja wa kalamu, kutoka thalamasi hata striatamu, hautamlemea mtoto aliyekwisha kuchora mishale kumi. Tena sitaki kuwadhulumu waliotunga michoro ya mwaka 1989 na 1990, Albin na Young na Penney, na DeLong pia. Michoro yao ilikuwa hoja za wenye elimu kwa wenye elimu, nayo ilisaidia sana kueleza jinsi mwendo unavyopotea katika ugonjwa wa Parkinson. Nawalaumu wanakili, ambao waligeuza hoja kuwa amri, na picha ya muda kuwa sanamu.

Wa pili asema, "Panya si mtu." Ni kweli, panya si mtu, ubongo wa panya mdogo una chembe za fahamu kama milioni 71, na wa mtu kama bilioni 86. Lakini shahidi wa kwanza tuliyemtaja, wa mwaka 1941, alikuwa ni ubongo wa mtu. Na mwaka 2000 Henderson na wenzake kule Australia walihesabu chembe katika bongo za watu waliokufa wakiwa na ugonjwa wa Parkinson, wakaona ya kwamba kama 30 hadi 40 katika kila chembe 100 za kiini cha katikati na parafasikulari zimepotea. Mwaka 2014 Villalba, Wichmann na Smith waliona upungufu katika viini hivyo hivyo kwa kima waliotiwa sumu iletayo ugonjwa wa namna hiyo. Basi mgonjwa hakupotewa na dopamini peke yake. Amepotewa na sehemu ya njia hii pia. Anayemfundisha mwuguzi au tabibu mchoro usio na njia hii amemfundisha nyumba isiyo na mlango mmoja, kisha amemtuma amtafute mwizi aliyepita mlango ule.

Wa tatu asema, "Kufuata nyuzi hakuponyi mtu." Namjibu kwa jambo lililoandikwa. Mwaka 1999 Vandewalle na wenzake walitangaza habari ya mtu mmoja mwenye ugonjwa wa Tourette, ambao humrusha mtu viungo na kumtoa sauti asipotaka. Walimtia waya mwembamba wa umeme katika thalamasi, karibu na viini hivi tunavyovitaja, na mishtuko yake ikapungua. Na miongoni mwa waliotia sahihi habari ile alikuwamo Groenewegen, yeye yule aliyekuwa amefuata nyuzi za panya kwa haragwe miaka tisa kabla. Sisemi ya kwamba ugonjwa ule umekwisha duniani. Matibabu hayo yangali ya wachache, nayo yangali yakichunguzwa. Nasema tu ya kwamba tabibu alimwita mfuata nyuzi akae naye.

Wa nne ni mpinzani ninayemheshimu kuliko wote, kwa kuwa moyo wake una huruma. Yeye asema, "Wanyama hawa waliumizwa na kuuawa. Ni haki gani?" Sitamdanganya kwa kusema hawakuuawa. Sungura, paka, kima na panya walikufa, na kuna mipaka iliyowekwa kwa sababu hiyo: Uingereza ilitunga sheria juu ya kuwatesa wanyama katika elimu tangu mwaka 1876, na mwaka 1959 Russell na Burch waliandika kwamba mchunguzi atafute badala ya mnyama ikiwezekana, apunguze hesabu yao, na apunguze maumivu yao. Mimi nayaona hayo kuwa madai ya haki, na asiyeyatii hastahili kupewa kisu. Lakini ndugu mwenye huruma na alifikiri neno hili pia. Mnyama aliyekwisha kufa hawezi kurudishiwa uhai wake. Deni lililobaki ni moja: ushuhuda alioutoa usitupwe. Tukiendelea kunakili mchoro ule wa zamani, kana kwamba kima wa Oxford na panya wa Amsterdam hawakuwako kamwe, tumewaua mara ya pili, na mara hii pasipo sababu yo yote. Tena elimu isiyoandikwa vema huleta uchunguzi ule ule kurudiwa, na damu ile ile kumwagwa tena kwa swali lililokwisha jibiwa. Uvivu wa kalamu nao ni ukatili.

Wala nisije nikawa kama wale niwalaumuo, nikageuza nusu ya kweli yangu kuwa kweli nzima. Uzi uliofuatwa watuambia ya kwamba hapa pamefungamana na pale. Hautuambii maneno yapitayo ndani yake. Ukiona njia iliyokanyagwa kutoka kijiji hata kisima, wajua ya kuwa watu huenda huko. Hujui walisemezana nini njiani. Kwa hiyo wale wasemao, "Tumepata uzi, basi tumeufahamu moyo wa mtu," nao wamepotea, kwa upande mwingine wa barabara. Ndiyo maana baada ya mzizi na haragwe walihitajiwa watu wa kusikiliza chembe zikinena katika kima, na watu wa kuwafundisha panya tendo na malipo yake. Lakini aliyeanza kwa kusikiliza pasipo kujua njia angelisikiliza penye ukuta mtupu. Njia kwanza, maneno baadaye.

Basi nataka nini? Nataka jambo dogo, ambalo halina gharama ya fedha. Kila mwalimu afundishaye habari za ubongo, achorapo mchoro ule ubaoni, aongeze mshale mmoja kutoka thalamasi hata striatamu. Kisha awaulize wanafunzi, "Mshale huu walijuaje?" Asiwape jibu upesi. Awaeleze habari ya tawi linyaukalo, na mzizi, na haragwe, na kichaa cha mbwa kilichofungwa kamba. Mtoto aliyeambiwa tu ya kwamba thalamasi ni tarishi amepata neno la kukariri. Mtoto aliyefahamu jinsi njia ilivyofuatwa, na kwa nini wengine walishuku, na shaka ile iliondolewaje, huyo amepata kipimo cha kupimia maneno mengine yote atakayoambiwa maishani, hata yale ya mwalimu wake.

Na wazazi mnaosoma habari hii, mkimwona mzee aliyekwama mlangoni, mguu umeinuka nusu, mkono watetemeka, msinong'one juu ya uchawi. Ndani ya kichwa chake mna njia zilizopungua watu. Mshikeni mkono, mpelekeni kwa tabibu. Nasi tulio na chaki mikononi, kazi yetu ni kuhakikisha ya kwamba tabibu wa kesho, ambaye leo yu mtoto darasani mwetu, hakufundishwa ramani iliyofuta njia.